Kadi ya Wagner na bei ya ushahidi

Mwaka 1985, katika duka la kadi za wachezaji huko Hicksville, nje kidogo ya jiji la New York, mfanyabiashara aitwaye Bill Mastro alitoa dola 25,000 kununua kipande cha karatasi ngumu ambacho upana wake haufiki sentimita 4. Mbele kilikuwa na picha ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh Pirates. Nyuma kilikuwa na tangazo la sigara za Piedmont. Miaka miwili baadaye Mastro aliiuza kadi hiyo kwa dola 110,000. Mwaka 1991 ilifika kwenye mnada wa Sotheby's, ambako Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafuni, na Bruce McNall, mmiliki wa klabu aliyochezea, waliichukua kwa dola 451,000. Mwaka 1996 ikapigwa nyundo tena Christie's kwa dola 640,500. Mwaka 2000 ikavuka milioni moja. Mwaka 2007 ilitua kwa Ken Kendrick, mmoja wa wamiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks, kwa dola milioni 2.8.

Kilichoipandisha ni unadhifu wake. Kadi za aina hiyo zilitolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara, na nyingi zilizobaki zimepinda, zimefifia au zimeliwa pembe. Hii ilikuwa na pembe kali na kingo zilizonyooka kana kwamba imetoka kiwandani jana. Kampuni ya PSA, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1991 kwa kazi ya kupima ubora wa kadi, iliipa alama 8 kati ya 10 na kuiandika kuwa namba ya kwanza kabisa katika daftari lake.

Oktoba 2013, mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Chicago, Mastro alikiri kwamba kadi ile aliikata kingo yeye mwenyewe.

Kwa mkusanyaji, kukata kingo ni kosa lisilosameheka, kwa sababu kadi iliyokatwa inapaswa kukataliwa na wapimaji, si kupewa alama. Kwa hiyo kwa takriban miaka 20 matajiri walipandishiana madau juu ya sifa iliyotengenezwa na mkono wa muuzaji. Na wakati wote huo karatasi haikubadilika hata chembe. Ilikuwa ileile, na picha ileile ya Wagner. Kilichokuwa kikipanda bei ni maelezo yaliyoambatana nayo. Hilo ndilo kila anayeinua mkono kwenye mnada wa kumbukumbu za michezo anapaswa kulielewa kabla hajafungua pochi: anachonunua ni ushahidi, na kitu chenyewe ni kiambatisho.

Biashara hii imekuwa kubwa kiasi kwamba haiwezi tena kuitwa mchezo wa watoto wa Kimarekani. Agosti 2022 kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa na kampuni ya Heritage ya Dallas kwa dola milioni 12.6. Agosti 2024 jezi ya Babe Ruth, mchezaji mwingine wa besiboli, ilifika dola milioni 24.12. Agosti 2025 kadi moja yenye saini za wachezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan na Kobe Bryant pamoja na vipande vya nembo za jezi zao iliuzwa kwa dola milioni 12.932 na kumvua Mantle taji la kadi ghali kuliko zote. Soka nayo imeingia: kadi ya Pelé iliyochapishwa Sweden mwaka 1958, alipokuwa kijana wa miaka 17, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 1.33. Minada karibu yote sasa hufanyika mtandaoni, na mtu aliyeko Mombasa, Mwanza au Muscat anaweza kuweka dau kwa simu sawa na aliyeko Texas. Ndiyo sababu habari za mkasi wa Mastro zinamhusu hata msomaji ambaye hajawahi kuona mechi ya besiboli.

Uhaba wa kadi ya Wagner wenyewe ni wa kweli. Kampuni ya American Tobacco ilipoanza kuchapisha picha za wachezaji na kuzitia kwenye pakiti, Wagner alipinga picha yake kutumika, na uchapishaji ukasitishwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, na wapo wanaosema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, nakala zinazojulikana leo ni kati ya 50 na 60 hivi, wakati kadi za wachezaji wengi wa seti hiyohiyo zimebaki kwa wingi zaidi. Hapo pana bei halali: mchezaji mkubwa, aliyekuwa miongoni mwa watano wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli mwaka 1936, na kadi chache mno.

Mantle alipata uhaba wake kwa njia nyingine. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa fungu la mwisho la kadi zake msimu ukiwa umekwenda, watoto wameshahamia mchezo mwingine, na maboksi yakabaki ghalani. Sy Berger, aliyebuni seti ile, alisimulia kwamba mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga baharini karibu na pwani ya New Jersey, kwa kuwa hata kwa bei ya kutupa hayakupata mnunuzi. Ndani ya maboksi yale zilikuwamo kadi za Mantle. Ile iliyouzwa kwa milioni 12.6 ilinunuliwa mwaka 1991 kwa dola 50,000 na mtu aliyekaa nayo miaka 31.

Hadithi kama hizi ndizo zinazowatia watu hamu, na hakuna ubaya wowote kuzipenda. Ubaya huanza pale mnada unapokuwa na watu wasioonekana.

Kesi ya Mastro haikuwa ya kukata karatasi peke yake. Baada ya kuuza kadi ya Wagner alijenga kampuni ya mnada katika jimbo la Illinois ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kubwa kuliko zote katika fani hii. Ndani ya kampuni hiyo, kwa miaka kati ya 2002 na 2009, wakubwa wake walikuwa wakipandisha madau kwa majina ya bandia na ya marafiki, bila nia ya kununua, ili wateja halisi waendelee kupanda. Katika mitaa yetu watu kama hao huitwa mapandikizi, na kila aliyewahi kununua nguo kwenye mnada wa hadhara anawajua: yule anayejitokeza kutoka katikati ya umati, akataja bei kwa sauti ya uhakika, kisha akatoweka mteja wa kweli anapomzidi.

Mnada wa mtandaoni una tundu baya zaidi. Mteja asiyetaka kukesha mbele ya skrini huiachia kampuni kiwango chake cha juu, tuseme dola 5,000, na mfumo humpandishia kidogokidogo kila anapozidiwa. Kama mwingine amesimama kwenye dola 2,000, basi yeye atashinda kwa kiasi kinachozidi hapo hatua moja tu, na dola zake karibu 3,000 zitabaki mfukoni. Ni utaratibu mzuri, lakini unasimama juu ya imani kwamba mwenye mnada hatachungulia ile 5,000. Waendesha mashtaka wa Chicago walieleza kwamba katika kampuni ile viwango vya siri vya wateja vilitazamwa, kisha mapandikizi wakawasukuma hadi karibu na ukomo wao. Mteja alishinda, akafurahi, akalipa. Hakuwa na njia ya kujua kwamba alishindana na mwenye duka.

Agosti 2015 Mastro alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Mshirika wake mkuu, Doug Allen, alipewa miezi 57 mwaka uliofuata.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba baada ya hapo tundu liliziba. Halikuziba. Hadi leo baadhi ya kampuni za mnada huandika katika masharti yao, kwa herufi ndogo na lugha ya mawakili, kwamba zinaweza kuweka dau kwa niaba ya mwenye mali mpaka bei yake ya chini ya siri ifikiwe. Sheria inaruhusu, nayo imeandikwa. Lakini mteja anayeona dau likipanda kutoka dola 800 hadi 1,200 hajui kama kuna binadamu upande wa pili au ni kampuni inayojaza pengo. Utaratibu huo unapaswa kuonyeshwa hapohapo penye dau: hili ni la mteja, hili ni la kampuni. Kompyuta inayoweza kuhesabu sekunde za mwisho za mnada haiwezi kushindwa kuweka alama hiyo.

Kuna pia suala la nani anapima na nani anauza. Alama ndiyo roho ya bei. Januari 2021 kadi nyingine ya Mantle ya 1952, yenye alama 9, iliuzwa kwa dola milioni 5.2. Ile ya milioni 12.6 ilikuwa na 9.5. Wapimaji wao walikuwa tofauti na soko lilikuwa limesogea, lakini hata hivyo nusu alama hiyo ilibeba mamilioni. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2021, watu wakiwa wamefungiwa majumbani na janga la korona na kuyapekua makabati ya utotoni, PSA ilizidiwa na rundo la kadi zaidi ya milioni 10 zilizosubiri kupimwa, ikalazimika kusimamisha mapokezi ya huduma zake nyingi. Mwaka huohuo Collectors, kampuni inayomiliki PSA, ilinunua Goldin, mojawapo ya kampuni kubwa za mnada wa kadi. Kwa hiyo hadi 2024, Goldin ilipouzwa kwa eBay, aliyetoa alama na aliyechukua kamisheni ya mauzo walikuwa chini ya mwavuli mmoja. Mwaka huo wa 2024 Collectors ikanunua pia SGC, mpimaji aliyekuwa mshindani wa PSA.

Hakuna hapa tuhuma ya kosa. Hoja ni ya muundo. Mwamuzi na timu hawalali kambi moja hata kama mwamuzi ni mtu wa haki, na katika soka hakuna shabiki ambaye angekubali jambo hilo kwa dakika moja. Wakusanyaji walilikubali kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda, na hilo si jambo la kujivunia. Soko linalodai kuuza uhakika linapaswa kuwatenga wanaotoa uhakika huo na wanaofaidi bei yake. Kadi inayokataliwa na mpimaji mmoja inaweza kupelekwa kwa mwingine, au kurudishwa kwa huyohuyo, mpaka ipate alama inayotamaniwa. Mnunuzi huonyeshwa alama ya mwisho tu. Historia ya kukataliwa kwake ingepaswa kutangazwa kama vile historia ya ajali inavyotakiwa kujulikana kabla ya mtu kununua gari.

Saini ni balaa kubwa zaidi kuliko kadi. Katika miaka ya 1990 Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilianzisha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya mtandao wa waghushi uliokuwa na makao yake kusini mwa California. Waghushi hao walisaini mipira, jezi na picha kwa majina ya mashujaa waliokufa zamani, kisha wakazitafutia vyeti vya uthibitisho. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ilikuwamo mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa wa Calcutta. FBI ilikadiria kwamba biashara ile ya bandia ilifikia dola milioni 100. Vitu hivyo viliuzwa vikiwa na vyeti. Karatasi haiwi ushahidi kwa sababu tu imepigwa muhuri. Huwa ushahidi pale mtu anapoweza kufuata nyayo zake hadi mkono wa kwanza.

Nyayo hizo zinaweza kuleta utajiri pia, na hapa ndipo jezi ya Babe Ruth inapofundisha. Tarehe 1 Oktoba 1932, kwenye mechi ya tatu ya fainali za besiboli dhidi ya Chicago Cubs, Ruth inasemekana alinyoosha kidole kuelekea mbali uwanjani kabla ya kupiga mpira uliotua upande huohuo. Mpaka leo watu wanabishana kama kweli aliashiria au alikuwa akiwajibu wapinzani waliokuwa wakimzomea. Jezi inayohusishwa na siku ile iliuzwa mwaka 2005 kwa dola 940,000. Baadaye wataalamu wakailinganisha na picha za siku yenyewe, wakitazama namna herufi zilivyokaa kwenye kitambaa na mishono ilivyopita, alama ambazo hazifanani kabisa katika jezi mbili zilizoshonwa kwa mkono. Walipotamka kwamba ndiyo hiyohiyo, bei ilipanda hadi milioni 24.12, zaidi ya mara 25 ya ile ya 2005. Jezi haikuongezeka uzi hata mmoja katika miaka hiyo 19.

Hata hivyo ushahidi kamili haulindi kila kitu. Mwaka 1998 Mark McGwire alivunja rekodi ya besiboli ya kupiga mipira nje ya uwanja katika msimu mmoja, akafikisha 70. Mipira ilikuwa imewekwa alama maalumu za siri ili pasiwe na mzozo kuhusu upi ni upi. Januari 1999 ule wa sabini ulinunuliwa na Todd McFarlane, msanii wa katuni, kwa zaidi kidogo ya dola milioni 3. Miaka mitatu haikupita, mchezaji mwingine, Barry Bonds, akapiga 73. Mwaka 2010 McGwire alikiri kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu. Mpira ule ni halisi bila shaka yoyote. Kilichokufa ni sababu ya mtu kuutaka. McFarlane alinunua na ule wa 73 mwaka 2003 kwa dola 450,000, baada ya mashabiki wawili waliougombea kushitakiana na jaji wa San Francisco kuamua uuzwe na fedha zigawanywe nusu kwa nusu.

Anayenunua kitu cha mchezaji ambaye bado anacheza ananunua na maisha yake yaliyobaki: majeraha, kashfa, rekodi zitakazovunjwa na wengine. Wauzaji hawalisemi hilo wakati saa ya mnada inayoyoma, ingawa ndilo la kwanza la kufikiriwa.

Na saa yenyewe ina hila zake. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha mwaka 2002 utafiti uliolinganisha minada ya eBay, ambayo hufungwa kwa saa maalumu hata kama watu bado wanapandishiana, na ya Amazon ya wakati huo, ambayo ilijirefusha kila dau jipya lilipoingia dakika za mwisho. Kule eBay wengi walijificha hadi sekunde za mwisho; kule Amazon tabia hiyo ilikuwa ndogo zaidi. Kampuni kubwa za kumbukumbu za michezo leo hufuata mtindo wa kujirefusha, na mnada unaweza kuendelea hadi usiku wa manane watu wawili wakivutana. Kwa mtu aliyeko Afrika Mashariki, usiku wa Dallas ni asubuhi ya siku inayofuata: anaamka, anakuta amezidiwa kwa dola 50, anaongeza kabla hata hajanywa chai. Pesa nyingi hupotea katika dakika hizo.

Kupotea huko kuna maelezo ya kihesabu. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za visima katika Ghuba ya Mexico zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Kila mmoja hukisia thamani ya kitu, baadhi chini, baadhi juu. Anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote, na mara nyingi huyo ndiye aliyekosea zaidi. Kadi, jezi na mipira haviko tofauti na visima vile. Kadiri wagombea wanavyokuwa wengi ndivyo mshindi anavyopaswa kujiuliza kwa nini wengine wote, wenye macho na akili kama yeye, waliacha.

Tena dau si bei. Ile Mantle ya milioni 12.6 iligongwa nyundo kwa milioni 10.5, zilizobaki ni ada ya mnunuzi ya asilimia 20 inayokwenda kwa kampuni. Anayeshinda kwa dola 1,000 atalipa 1,200, kisha ataongeza usafirishaji, bima ya njiani, na ushuru wa forodha mzigo ukifika Dar es Salaam au Nairobi. Kitu alichodhani amekipata kwa elfu moja kinaweza kumgharimu elfu moja na nusu, na siku akitaka kukiuza itabidi akirudishe kulekule kwenye wanunuzi, kwa kuwa hapa soko lake bado halijazaliwa. Busara ni kupiga hesabu kutoka mwisho: kuamua jumla anayoweza kuipoteza bila nyumba kuyumba, kutoa ada na nauli, na kinachobaki ndicho kiwango cha dau, kiandikwe kwenye karatasi siku moja kabla na kisiguswe.

Mtu anaweza kuuliza Afrika iko wapi katika haya yote. Iko ndani kabisa, ila mara nyingi kama mahali pa tukio tu. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman raundi ya nane na kurudisha taji la ngumi la uzito wa juu duniani. Julai 2022 mkanda wa ubingwa wa WBC unaohusishwa na ushindi ule uliuzwa na Heritage kwa dola milioni 6.18, ukaenda kwa Jim Irsay, mmiliki wa timu ya Indianapolis Colts, aliyefariki mwaka 2025. Watu wapatao 60,000 waliokuwa uwanjani usiku ule walikuwa na tiketi mikononi, mabango yalibandikwa mji mzima, magazeti yalichapishwa. Karatasi hizo ni mali ya mnada leo. Huenda nyingi ziliishia kufungia karanga.

Mwafrika mmoja hakuacha kitu chake kipotee. Juni 22, 1986, katika Uwanja wa Azteca mjini Mexico, Ali Bin Nasser wa Tunisia alichezesha robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Uingereza, mechi ambayo Diego Maradona alifunga bao moja kwa mkono na jingine kwa kupita nusu ya timu pinzani. Mechi ilipoisha refa aliondoka na mpira. Alikaa nao miaka 36. Novemba 2022 uliuzwa London kwa pauni milioni 2, na maelezo yake yalikuwa mafupi kiasi cha kumridhisha yeyote: mtu aliyepuliza filimbi ndiye aliyeutunza, na haujapita mkono mwingine.

Jezi ya Maradona ya siku ileile ina hadithi ya kufundisha zaidi. Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza, alibadilishana naye jezi baada ya mechi, akaitunza, na kwa miaka mingi akaiazima kwenye Makumbusho ya Taifa ya Soka ya Uingereza. Alipoitangaza kuiuza mwaka 2022, familia ya Maradona ilisema jezi aliyo nayo ni ya kipindi cha kwanza, si ile aliyofungia mabao. Sotheby's ililazimika kuleta wataalamu wa kulinganisha picha, nao wakathibitisha kwamba ndiyo ya kipindi cha pili. Mei ile iliuzwa kwa pauni milioni 7.142. Bila picha zile, neno la Hodge lingebaki dhidi ya neno la familia, na bei ingeporomoka.

Sasa yafikiriwe makabati ya Afrika Mashariki. Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya kutoka Tokyo mwaka 1964. John Akii-Bua wa Uganda alishinda dhahabu Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia ya mita 400 za viunzi. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walirudi kutoka Moscow na medali za fedha ambazo hadi leo ndizo pekee za Tanzania katika Olimpiki. Nyuma ya majina hayo kuna mamia ya wanariadha na wanasoka waliovaa jezi za taifa, na kila mmoja aliacha namba ya kifuani, viatu, barua ya mwaliko, picha ya timu. Viatu alivyovaa Roger Bannister siku alipokimbia maili chini ya dakika 4 mwaka 1954 viliuzwa mwaka 2015 kwa pauni 266,500. Vya kwetu vipo, au vilikuwapo, bila karatasi yoyote inayosema ni vya nani.

Siku dalali kutoka nje atakapogonga mlango wa mjukuu wa mkimbiaji wa zamani, atakuwa anajua bei, na mjukuu hatajua hata mwaka. Hilo ndilo linalopaswa kuzuiwa, na halihitaji bajeti ya serikali. Haisemwi hapa kwamba familia ziuze. Medali ya Akii-Bua au picha ya Bayi ingefaa zaidi kuonekana na watoto wa shule kuliko kufungiwa kwenye sefu ya tajiri wa Dallas. Lakini hata makumbusho yatauliza swali lilelile ambalo mnada unauliza: unajuaje?

Familia yenye kitu cha namna hiyo ikipige picha wiki hii, mbele na nyuma, kwa mwanga wa mchana. Iandike kwenye daftari ni cha nani, kilivaliwa lini, kwenye mashindano gani, na nani alikitunza tangu hapo. Kama mwenyewe yu hai, arekodiwe kwenye simu akieleza kwa sauti yake huku amekishika, kisha atie saini na tarehe mbele ya mtu asiye wa familia. Mishono, madoa na sehemu zilizochanika zisifuliwe wala kushonwa upya. Na vyama vya riadha na soka vya nchi zetu vifungue daftari moja la kuandikisha vitu hivyo, wakati wazee walioshuhudia bado wapo na kumbukumbu zao.